Sauti zimenyamaza, kwa nini bado anasahau chumvi?

(Haya nilisema mbele ya familia za wagonjwa, kwenye sale ya parokia moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Jambo yenu wote, wababa, wamama, bandugu. Asanteni kwa kuja na hili jua, na asanteni zaidi nyinyi muliokuja na wagonjwa wenyewe, maana leo sitasema juu yao kama vile hawapo, nasema nao pia.

Niingie moja kwa moja. Kila wiki wazazi wananiambia neno moja. "Tunashukuru, dawa imesaidia, hapigi tena kelele usiku, hasemi tena kama watu wanamfuata, anakula, analala. Lakini amekuwa mvivu. Unamtuma kitu, anasahau. Unamwambia mara tatu, bado. Anafanya makusudi." Nimekuja leo kwa ajili ya hilo neno la mwisho tu, makusudi. Si makusudi, na si uvivu. Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe wa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kuamini watu wanamfuata, ile sehemu ambayo haipigi kelele na kwa hiyo hakuna anayeiona, na dawa tulizo nazo haziigusi sana.

Tuchukue mfano ambao munaujua wote. Kijana ana miaka 23, mama yake anampa franka elfu kumi, anamwambia, nenda pale butiki uchukue mafuta nusu lita, chumvi, sabuni moja ya kufulia, ukipita mwambie shangazi nitakuja jioni, na chenji usiichezee. Kijana anasema ndiyo mama, anatoka. Njiani pikipiki inapiga honi, mtu anamsalimia, anamjibu, anafika butiki, anasimama pale mbele ya muuzaji. Mafuta anakumbuka. Kingine hakiji. Anajua kabisa kulikuwa na kingine lakini hakiji, na watu nyuma yake wanamsukuma. Anarudi na mafuta na chenji yote, hakuna franka iliyopotea, na kwa shangazi hakupita. Mama anakasirika. Mimi namwuliza mama, kama angekuwa mkorofi angerudisha hiyo chenji?

Kilichomwangusha kinaitwa kumbukumbu ya kazi. Si ile kumbukumbu ya kukumbuka ndoa yako au jina la mwalimu wako wa kwanza, hiyo ni nyingine. Hii ni ile ya kushika kitu kichwani kwa sekunde chache huku unakifanyia kazi, unasikia namba ya telefone unaishika mpaka uiandike, unahesabu chenji huku unaongea na muuzaji, unasikiliza mwanzo wa sentensi yangu na kuungoja mwisho wake. Wataalamu wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, waliieleza vizuri mwaka 1974, wakasema ina sehemu ya kushika maneno na sauti, sehemu ya kushika picha na mahali, na juu yao kuko msimamizi anayeamua akili iende wapi.

Tujaribu wote, hata wewe baba pale nyuma. Nasema namba, munirudishie kinyume, kuanzia ya mwisho. 4, 9. (Sale nzima ikajibu.) 7, 2, 5. (Wakajibu, lakini si kwa sauti moja.) Sasa 8, 3, 6, 1, 9. (Hapo wachache tu walifika mwisho, wengine waliishia katikati wakaanza kuangaliana.) Mumesikia ile kitu kichwani, kama nafasi imejaa? Kila mtu ana mwisho wake. Mwaka 1956 George Miller wa Marekani aliandika kwamba tunashika kama vitu 7, miaka mingi baadaye, 2001, Nelson Cowan akaonyesha kwamba tukizuiwa mbinu za kupanga vitu pamoja au kuvirudia-rudia moyoni tunabaki na kama 4 tu. Basi mtu mwenye skizofrenia, kwa kawaida, nafasi yake ni ndogo kuliko ile ambayo angekuwa nayo bila ugonjwa, na vitu vinatoka haraka pale kitu kingine kikiingia, ile honi, ile salamu. Muelewe pia, si ujinga. Kuko wagonjwa wenye akili nyingi sana, waliosoma, na bado hii inawasumbua. Na si wote sawa, mmoja anasumbuka kidogo, mwingine sana.

Sasa tuingie ndani ya kichwa. Weka mkono kwenye paji la uso, peleka kidogo juu na pembeni. Nyuma ya mfupa hapo kuko sehemu ya ubongo inayobeba kazi hii kwa kiasi kikubwa, ingawa haiko peke yake, inaongea na sehemu za nyuma muda wote. Tulijuaje? Kwanza kwa nyani. Mwaka 1971 watafiti waliweka waya nyembamba kwenye seli za ubongo wa mbele wa nyani, wakamwonyesha kitu, wakakificha, wakamwacha angoje sekunde kadhaa kabla ya kuchagua. Kulikuwa na seli ambazo ziliendelea kupiga umeme muda wote wa kungoja, wakati hakuna cha kuona tena! Yaani zilikuwa zinakishika kile kitu. Patricia Goldman-Rakic wa chuo kikuu cha Yale alifanya kazi hiyo miaka mingi, taa inawaka upande fulani, inazima, nyani anangoja, halafu anapeleka macho pale taa ilipokuwa. Seli zikinyamaza kabla ya wakati, nyani anakosea.

Halafu Sohee Park na Philip Holzman wakachukua jaribio lile lile wakalipeleka kwa watu wenye skizofrenia. Hiyo ilitoka 1992. Wagonjwa walikuwa wanaona taa vizuri, macho hayana shida, wakiachiwa kuangalia taa ingali inawaka hawakosei, lakini ukiweka ule muda wa kungoja katikati, wanapotea. Mimi nikisoma ile kazi namfikiria yule kijana kati ya nyumba na butiki. Miaka mitatu baadaye wakaonyesha jambo lingine, kwamba hata ndugu za wagonjwa, wazima kabisa, hawana sauti hawana chochote, walikosea kidogo kuliko watu wengine. Nitarudi kwa hilo kwa sababu najua kuko swali mutaniuliza.

Sasa kazi ya ubongo wenyewe, hapa naomba munivumilie kidogo kwa sababu ndipo panaponivutia zaidi. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu, na sehemu inayofanya kazi inaletewa damu zaidi. Ukipima damu, unapima kazi. Mwaka 1974 huko Uswidi, David Ingvar na Göran Franzén walipima damu kwenye ubongo wa watu waliokaa na skizofrenia miaka mingi, wakaona mbele inapata kidogo kuliko kwa watu wasio wagonjwa. Mwaka 1986 Daniel Weinberger na wenzake Marekani wakawapa wagonjwa mchezo wa kupanga karata ambao sheria inabadilika bila kukuambia, watu wasio wagonjwa damu ya mbele ilipanda, wagonjwa haikupanda vile. Basi watu wakasema tumeelewa, ubongo wa mbele umelala.

Haikuwa rahisi hivyo. Ikaja mashini ya IRM (wengine wanaiita MRI), ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, inayoweza kufuata oksijeni ya damu, picha za kwanza za kazi ya ubongo wa mtu kwa njia hiyo zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtu analala ndani ya ile mashini, anaonyeshwa namba moja moja, na anabonyeza akiona namba iliyo sawa na ile ya hatua moja nyuma, au mbili nyuma, au tatu. Unaweza kupandisha ugumu pole pole. Na pale, kuanzia mwaka 1999 na 2000, timu ya Dara Manoach huko Boston na timu ya Joseph Callicott karibu na Washington wakaona kitu ambacho wengi hawakukingojea, kwamba kuna wakati ubongo wa mbele wa mgonjwa unafanya kazi ZAIDI kuliko wa mtu asiye mgonjwa, si kidogo.

Munayajua malori yanayotoka Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, na mizigo. Lori la zamani likikuta mlima mdogo tu, injini inalia mpaka unaisikia mbali, lile jipya linapita pale kimya. Mlima ukizidi, la zamani linazima, la jipya ndiyo kwanza linaanza kulia. Sasa ukipima kelele ya injini pale chini utasema la zamani lina nguvu nyingi, ukipima kule juu utasema halina nguvu kabisa, na ni lori moja. Ndivyo ilivyo, kwa kazi ndogo ubongo wa mgonjwa unatumia nguvu nyingi kupata jibu lile lile, kazi ikizidi kipimo chake unashuka, na unashuka mapema kuliko wako. Ndiyo maana jioni mtoto wako amechoka na wewe unasema amefanya nini leo, hakufanya kitu! Amefanya. Alisikiliza maongezi ya watu watatu mezani, hiyo kwake ilikuwa mlima.

Kuko na la pili. Sisi tukiwa hatufanyi kitu, tunawaza tu mambo yetu, kuko sehemu za ubongo zinazofanya kazi, na tukianza kazi ngumu zile sehemu zinapunguza. Mwaka 2009 Susan Whitfield-Gabrieli na wenzake walionyesha kwamba kwa wagonjwa hazipunguzi vizuri, zinaendelea kusema huku kazi inaendelea, na kwa ndugu zao wasio wagonjwa vivyo hivyo kwa kiasi. Kwa hiyo mtu anajaribu kushika chumvi na sabuni huku mawazo yake ya ndani hayakubali kukaa pembeni.

Na seli je, zimekufa? Hapana, na hili nataka mulisikie vizuri. Watafiti walioangalia ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa huu, kama David Lewis wa Pittsburgh, walikuta seli kubwa za ubongo wa mbele bado zipo, ila vile vijiti vidogo zinavyotumia kupokea ujumbe kutoka kwa seli zingine vimepungua. Walikuta pia seli ndogo, zile zenye kazi ya kutuliza na kupigisha wenzake mdundo mmoja, zinatengeneza kidogo ile kemikali ya kutulizia. Na ubongo ukishika kitu kichwani unapiga mdundo wa haraka, kama mara 40 kwa sekunde. Mdundo ukilegea, kushika kunalegea.

Dawa sasa. Largactil ilianza kutumika kwa ugonjwa huu Paris mwaka 1952, kwenye hospitali ya Sainte-Anne, na Jean Delay na Pierre Deniker. Haldol ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 kwenye maabara ya Paul Janssen. Zote zinafunga mlango mmoja wa dopamini, kemikali moja ambayo seli za ubongo zinatumia kupelekeana ujumbe, na kwa njia hiyo zinapunguza sauti na zile imani za kufuatwa, na hiyo ni neema kubwa, mimi nimeona watu waliorudi nyumbani kwa sababu yake. Musiziache! Mtu akiziacha ghafla anaweza kurudi kule kule mulikotoka, na kila kuanguka kunamgharimu. Lakini shida ya kumbukumbu haikai kwenye mlango ule. Ubongo wa mbele unahitaji dopamini ya kutosha, kwenye mlango mwingine, ikiwa kidogo haushiki, ikiwa nyingi sana pia haushiki. Na kuko wagonjwa waliopimwa kabla ya kumeza kidonge hata kimoja, shida ilikuwa tayari iko, kwa wengine hata shuleni kabla ya sauti kuanza. Kwa hiyo musiseme Haldol ndiyo imemharibu akili. Watu wanatafuta dawa ya kumbukumbu yenyewe, mwanzoni mwa mwaka 2025 kampuni moja kubwa ya Ujerumani ilitangaza kwamba dawa yake iliyongojewa sana haikufaulu kwenye majaribio ya mwisho. Inaumiza, lakini ndivyo.

Lakini kuko kidonge kimoja nataka tukiseme hapa kwa jina, Artane. Kinatolewa pamoja na Haldol ili kuzuia mikono kutetemeka na misuli kukaza, na kinasaidia kweli. Ila kinasumbua kumbukumbu, hiyo inajulikana. Kuko watu walianzishiwa Artane wakati dozi ya Haldol ilikuwa kubwa, Haldol ikapunguzwa, Artane ikabaki vile vile miaka. Usiikate mwenyewe nyumbani. Kwenye randevu nenda na boxi zote za dawa, uliza wazi, hii Artane bado anaihitaji, na kwa kiasi hiki? Kwa wale wanaofuatwa pale Centre Joseph Guislain, kituo cha wagonjwa wa akili cha mafrere wa Charité, au kwingine, ni swali la kawaida kabisa, hakuna wa kukukasirikia.

Nyumbani tufanye nini. Kwanza, mambo machache kwa mara moja. Si mafuta na chumvi na sabuni na shangazi. Mafuta na chumvi, kwenye karatasi. Karatasi si aibu, hata mimi naenda soko na karatasi. Mwambie arudie kwa maneno yake kabla hajatoka, si kama mwalimu anayemkamata, kama watu wawili wanaohakikisha. Ukitaka kumwambia kitu cha maana, zima radio kwanza, mwite jina, ngoja akuangalie, sema kifupi, ngoja. Hiyo ngoja ndiyo ngumu kwetu, tunaona amekaa kimya tunarudia kwa sauti kubwa zaidi, na tukirudia tunafuta kile alichokuwa anajaribu kushika. Vitu vikae mahali pamoja, ufunguo msumari ule ule, dawa kikombe kile kile, saa ile ile na telefone imlilie. Kitu kikishakuwa mazoea hakihitaji tena ile nafasi ndogo ya kichwani.

Kazi inawezekana. Najua atelier moja ya useremala ambapo patron alichora hatua za kutengeneza kiti kwenye ubao, picha sita, kijana anaweka kipande cha chaki kwenye hatua aliyofika, akiitwa akirudi anaiona. Anatoa viti vizuri kama wengine. Mwaka 1996 Michael Green wa Los Angeles alikusanya tafiti nyingi akaonyesha kwamba kumbukumbu na akili ya kufuatilia mambo vinaeleza zaidi kama mtu ataweza kazi na maisha na wengine kuliko vile sauti zinavyoeleza. Mimi naamini ile picha sita za chaki zilimsaidia yule kijana kama vile dawa ilivyomsaidia.

Kuko pia mazoezi ya kichwa. Til Wykes wa London na wenzake walikusanya tafiti 40 zenye wagonjwa zaidi ya 2,000, ikatoka mwaka 2011, mazoezi yanasaidia kwa kiasi cha kati, na yanasaidia zaidi pale yakifungwa na kazi ya kweli. Si lazima kompyuta, mengine yanafanywa kwa karatasi na kalamu, namba, karata, kupanga safari kwenye ramani. Kutembea haraka na mpira pia vinasaidia, damu na moyo vikifanya kazi kichwa nacho kinapata. Bangi na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, hapana, hapo sitapoteza muda wenu.

Maswali sasa. Mama mmoja aliuliza kama haya si bulozi, yaani uchawi, kutoka upande wa baba, maana kaka wa mumewe pia alikuwa hivyo. Nilimjibu, mama, umeona vizuri kwamba inatembea kwenye familia, ulikosea tu aliyeileta. Mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua, mwenzake ana hatari ya karibu nusu, wakati mtu wa kawaida ni kama 1 kwa 100 katika maisha yake yote. Kwa hiyo damu imo, na damu si yote, maana ingekuwa yote mapacha wangeugua wote wawili kila mara. Hakuna aliyemtupia mwenzake. Shemeji yako hakufanya kitu, na wewe hukufanya kitu. Baba mmoja akasema wao wanampeleka kwenye maombi. Nikamwambia nasali pia, endeleeni kumwombea, lakini asifungwe mnyororo, asinyimwe chakula wala usingizi, na vidonge viende naye hata kule kwenye maombi, kwa sababu kichwa chenye njaa na kisicholala hakishiki kitu hata kwa mtu asiye mgonjwa.

Swali la mwisho lilitoka kwa kijana mwenyewe, alisimama, akaanza, akapotea katikati ya sentensi, watu wakangoja, akaanza tena. Alikuwa mwaka wa pili Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, kabla ya ugonjwa, anataka kurudi. Nikamwambia rudi, lakini si kwa kozi zote, chukua chache mwaka wa kwanza wa kurudi, kaa mbele, rekodi kozi kwenye telefone, omba sillabusi mapema uisome kabla ili darasani usisikie vitu vipya vyote kwa pamoja, na siku ya mtihani andika kwanza pembeni ya karatasi zile hatua ulizoshika, ndipo uanze kujibu. Akauliza kama awaambie walimu. Nikasema mmoja, yule unayemwamini, na umwambie unachohitaji, jina la ugonjwa si lazima.